Marehemu Hapokei Mwenyewe

Alikuwa akipiga pasi kola ya gauni lake la kijani, lile la kuimbia, mumewe alipoingia kwa mlango wa jikoni na kuuliza viatu vyake vyeusi viko wapi.

"Nilimpa kaka yako," mke akasema. "Si ulikufa?"

"Nimeomba ruhusa. Nimeitwa kwenye tuzo."

Hilo lilikuwa kweli. Kadi ilikuwa mezani, imeandikwa watu wawili. Mume huyu alikuwa mpiga saksofoni, na bendi nzima ilimwita Pafu kwa sababu aliweza kushikilia noti moja mpaka wasikilizaji wakaona haya kupumua. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Sasa alikuwa na shati lilelile alilokwenda nalo hospitali. Mke alimvua, akalipiga pasi nalo, akamtafutia kandambili za bafuni.

Enzi za uhai wake Pafu hakualikwa hata mara moja. Alisema sherehe hizo ni mahali pa kwenda kumpigia makofi mtu aliyekukalia kichwani. Lakini kila mwaka, siku ikifika, alinyoa ndevu mara mbili na kuketi kando ya redio tangu mchana. Orodha ya washindi ikiisha aliizima, akasema betri zimekwisha. Redio ilikuwa ya umeme.

Walifika ukumbini saa kumi kamili. Mlangoni, dada mwenye orodha alipitisha kalamu kwenye majina.

"Hili lipo, ila limeandikwa marehemu."

"Ndiye mimi."

"Karibu, mzee. Kaa na familia yako."

Walipewa safu ya nne. Mpiga ngoma wa bendi alikuja kuwasalimu, akamshika Pafu bega.

"Umepungua, ndugu yangu."

"Ndiyo hivyo tena."

"Afadhali wewe. Mimi hapa tumbo linaniuma tangu asubuhi, na wala sishindanii chochote."

Kulia kwao aliketi mwigizaji wa tamthilia, mwenye hotuba ya shukrani ndani ya pochi. Aliiandika miaka tisa iliyopita na hajawahi kuitoa. Imekunjwa hata imechanika kwenye mikunjo. Kila mshindi alipotajwa, yeye alitabasamu kabla ya wengine wote, asije akakutwa na uso mwingine. Mke wa Pafu alimwelewa. Yeye mwenyewe aliimba kiitikio miaka ishirini na sita, na mashavu yake yalikuwa yameanza kuuma.

Mpiga picha alipita akainama mbele yake. "Mama, jina la marehemu likitajwa, tazama juu kidogo. Chozi likija, usilifute." Kisha akamgeukia Pafu. "Na wewe mzee, egemea nyuma, unaniziba."

Pafu akaegemea.

Saa kumi na moja unusu mshereheshaji alitangaza tuzo ya heshima. Alisoma nyimbo kumi na nne, zote za Pafu, ingawa kwenye kanda ziliandikwa jina la mkurugenzi wa bendi. Mwaka ule Pafu alipoanza kukohoa, mkurugenzi huyohuyo alimwambia apumzike nyumbani, na wiki iliyofuata saksofoni ikawa mikononi mwa mtu mwingine.

Ukumbi ulisimama kumkumbuka marehemu kwa dakika moja. Pafu naye alisimama, ameinamisha kichwa, mikono mbele. Dakika ilipoisha akavuta shati, akaelekea jukwaani. Mkewe alisikia kandambili zikipiga sakafu, pa, pa, pa, mpaka kwenye ngazi, ambako kijana wa itifaki alimwekea mkono kifuani kwa adabu.

"Samahani, mzee. Marehemu hapokei mwenyewe."

"Lakini nimekuja."

"Tumeona. Ratiba inasema kuna wa kumpokelea."

Mkurugenzi alipanda. Alilia vizuri, akasema Pafu alikuwa mdogo wake wa hiari, na kwamba tuzo itakaa ofisini kwake, mahali ambapo kila mgeni ataiona. Aliposhuka, alimpa Pafu mkono. "Unaona tulivyokuenzi?"

"Nashukuru, mkurugenzi," akasema Pafu.

Mkewe hakutazama juu. Alimtazama yeye akirudi peke yake kwenye kile kijia kirefu, akiomba radhi kwa kila goti alilogusa.

Walitoka kabla ya picha ya pamoja. Nje jua lilikuwa linamalizikia nyuma ya magari.

"Niliinua mguu vizuri pale ngazini?" Pafu akauliza.

"Vizuri sana, mume wangu."

"Nilidhani nimejikwaa."

"Hukujikwaa." Alimrekebisha kola. "Twende nyumbani basi. Unywe hata chai."

Pafu aliangalia saa ya mkewe.

"Ruhusa ni ya tuzo tu. Inaisha na tuzo."

"Basi siku nyingine omba ya kuja nyumbani."

"Niliomba. Mwaka wa kwanza, na wa pili." Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza njia kwa mgeni. "Wanauliza ni shughuli gani. Nikisema namwona mke wangu, wanasema hiyo si shughuli."

Akampa mkono, kisha akaona haitoshi, akamkumbatia. Alikata katikati ya magari akaenda zake. Mke alibaki amesimama kwenye zulia jekundu, mpaka wafanyakazi walioanza kulikunja kutoka upande wa mlango walipomfikia, wakamwomba asogeze miguu.