Vipindi Thelathini na Kimoja

Bomba lilikohoa kabla ya alfajiri, nikaamka. Mtaani kwetu Buyenzi maji huja saa hiyo, kidogo kidogo, na kujaza bidoni, dumu letu la maji, huchukua saa mbili. Magoti yangu yameichoka kazi hiyo. Kwa miaka miwili nilichangamshwa na podikasti ya mwalimu Adolphe wa Gatumba, aliyesimulia historia ya mji huu, wajenzi wa bandari, mafundi cherehani, wapishi wa Wabelgiji, kila kipindi kirefu kuliko foleni ya mafuta. Mkewe Elvire ndiye aliyekuwa akimuuliza maswali.

Nilisikiliza kwenye simu ya mjukuu wangu Ingrid. Kisimu changu cha vitufe nilikiweka kando yake kirekodi, ili nisikilize tena Ingrid akiwa chuoni. Vipindi thelathini na kimoja vikaingia katika kadi moja ya memori.

Kisha Elvire akafariki. Mafuriko yakaingia nyumbani kwao, kompyuta ikafa, na ukurasa wa vipindi ulikuwa umeshafungwa. Mwalimu akaandika mtandaoni kuomba: mwenye navyo amletee, apate kusikia tena sauti ya mkewe. Ingrid alinisomea. Siku tatu nilikaa na memori hiyo mfukoni.

Nilikuwa na aibu. Kwetu msimuliaji haachwi aseme peke yake, anayesikiliza humjibu. Na mimi nilikuwa nimejibu vipindi vyote, kisimu kikirekodi.

Siku ya nne nikaenda kwake Gatumba. Mwalimu, amekonda, alinipa kiti kimoja kilichosalia, yeye akaketi juu ya ndoo. Nilimwambia kwamba nimemharibia vipindi. Akaitia memori katika simu yake.

Kwenye rekodi maji yalisikika yakimwagika bombani kwangu. Elvire akauliza wale wapishi walilala wapi.

"Enhe, muulize huyo," nikasikika.

Mwalimu wa kwenye rekodi akajibu kwamba walilala jikoni.

"Apana. Baba yangu alipikia Wabelgiji, alilala nje. Usidanganye watu, mwalimu," nikasikika tena.

Mwalimu aliyeketi juu ya ndoo alicheka mpaka akakohoa, kisha akafuta macho kwa mkono wa shati. Nikamwomba radhi tena.

"Elvire aliniuliza kila siku kama kuko mutu anatusikiliza," alisema. "Mi nilimwambia tunaongea na ukuta."

Tulimaliza kipindi kile. Nikasimama polepole, mgongo ukiuma, na yeye akanishika kiwiko hadi mlangoni.

"Mama Dévote, vimebaki thelathini. Urudi juma lijalo, tusikilize pamoja. Mi peke yangu sitaweza."