Matango ya Delphine na Hoja ya Kumi na Nne

Kwa miaka arobaini Delphine na mumewe Orval walikuwa wakipiga kura pamoja kwenye meza ya jikoni: mke Ndiyo, mume Hapana, kura zinafutana, wanakula keki. Hiyo ndiyo raha ya jimbo la Oregon, Marekani. Karatasi ya kura huja kwa posta, nawe unaijaza umevaa ndara.

Safari hii Delphine hakutaka kufutwa. Hoja ya Kumi na Nne, mojawapo ya sheria zilizopigiwa kura, ingewaruhusu watu kuuza achari walizotengeneza majikoni mwao, naye alikuwa na chupa mia mbili za matango ya siki chini ya nyumba, zinangoja ruhusa tu. Kila alipozikumbuka moyo ulimruka, akacheka peke yake kama aliyetekenywa.

"Ina kurasa ngapi hiyo?" Orval akauliza, akikipima kwa kiganja kijitabu cha wapiga kura.

"Mbili hivi."

"Nne, mke wangu. Na sheria yangu unaijua. Ikizidi ukurasa mmoja, ujue kuna mtu anataka kunizunguka."

"Basi nikusomee."

"Nami nitabishaje, mdomo umejaa?" Orval akachomoa tango jingine kwenye chupa, kisha akaikinga karatasi yake kwa boksi la biskuti asichunguliwe.

Wakajaza, wakafunga bahasha, wakasaini, wakaenda kwa gari hadi kwenye sanduku la kura nje ya maktaba. Hapo ndipo Delphine alipogundua kwamba amesaini bahasha yenye jina la Orval, na Orval amesaini ya mkewe.

"Tukate sahihi tu, tusaini upya, yaishe," Orval akasema haraka, haraka mno kwa mtu anayechukua dakika kumi kuchagua soksi.

Mwanamke hadanganywi hivyo. Delphine akazifungua bahasha zote mbili palepale juu ya boneti ya gari. "Naitafuta Hapana yako kwenye Kumi na Nne, nijue karatasi yako ni ipi, kila moja iingie bahasha yake."

Ya kwanza: Ndiyo. Akaichukua ya pili, akaitazama, akaisogeza karibu na miwani. Ndiyo.

Akacheka hadi akaegemea mlango wa gari, machozi yanamtoka kwa furaha. "Kurasa nne zote umezisoma saa ngapi, mzee?"

"Sijasoma hata mstari," Orval akasema, uso umemwiva. "Hoja yenyewe nimeila miaka arobaini."