Uzamivu wa Khairiya

Saa tisa alasiri, Ijumaa moja ya mwaka 1993, Mzee Massoud alikuwa amekalia sanduku la bintiye pale Ngamiani na hakuwa na nia ya kuinuka.

“Baba, basi la Dar litaniacha.”

“Likuache salama.”

Khairiya alikuwa amesoma hisabati chuo kikuu, akaongeza shahada ya pili ya takwimu, na sasa chuo kimoja cha Uholanzi kilikuwa kimempa nafasi ya kusoma ya tatu. Bila radhi ya baba hatoki. Asubuhi radhi ilikuwapo. Mchana imeota mbawa.

Kabla Khairiya hajauliza sababu, aliingia jirani yao, Bi Mwatumu, na kapu kichwani.

“Shika, mwanangu. Mikate ya ufuta na tende. Mle chini ya meli chakula hamna. Na chafya ikikujia, jizibe na kanga, wasikusikie.”

“Meli gani, Bi Mwatumu?”

“We! Unanificha mimi? Juzi dukani kwa Amirali hukusema unakwenda Ulaya kufanya uzamivu? Hata baba yako nimemwambia mchana huu.”

Khairiya aliketi sakafuni kwa kicheko. Miaka ile ya dhiki, vijana wa mjini walikuwa wakizamia: wanajificha ndani ya meli bandarini, wanaibukia Ulaya. Yeye dukani kwa Amirali, muuza kanga, alifuata raha yake tu. Tangu serikali iachie biashara huru kanga zilijaa, naye alipenda kubashiri misemo itakayonunuliwa. Mtaa ukiwa na harusi, kanga za vijembe huisha; za nasaha huliwa na nondo. Amirali haagizi mzigo bila kumuuliza.

“Uzamivu ni shahada, baba! Kuna uzamili, halafu uzamivu.”

“Unazama wapi?”

“Kwenye hesabu.”

“Na kuogelea hajui!” alidakia Bi Mwatumu.

“Haya, baba, mzamiaji hukata tiketi?” Khairiya akaitoa mkobani.

Mzee aliisoma mbele, akaigeuza, akakagua na nyuma, ambako hapakuandikwa kitu.

“Ya ndege.”

“Ya ndege.”

“Na jina lako.”

“Langu, baba.”

Mabega yalianza kumtikisika. Aliinuka, akamwekea bintiye mkono kichwani, akamwombea dua iliyokatizwa na kicheko mara mbili. Kisha akatoka barazani na kuupigia kelele mtaa mzima:

“Jamani eee! Binti yangu anazamia Ulaya! Na tiketi anayo!”