Kifurushi Kilichogoma Kustaafu

Watu wa kompyuta wana ugonjwa mmoja: hutenda kwanza, wakauliza baadaye. Kitu kikigoma, wanazima na kuwasha. Kikigoma tena, wanafuta na kuweka upya. Kikigoma mara ya tatu, wanamlaumu aliyekigusa mwisho. Na aliyekigusa mwisho, Jumatano ile, katika ofisi ya ghorofa ya pili pale Gisimenti, ambako moshi wa brochettes, ile mishikaki inayochomwa chini, hupanda ngazi kila adhuhuri bila kupiga hodi, alikuwa Shimwa.

Shimwa alikuwa na miezi mitatu kazini, yote ya majaribio, na majaribio yenyewe yalikuwa yanakwisha siku hiyohiyo saa kumi. Kazi aliyopewa ilikuwa moja tu. Kampuni ilitengeneza programu za vituo vya afya, na miongoni mwake kilikuwamo kijiprogramu kilichoitwa chapalebo, cha kuchapa lebo zinazobandikwa kwenye chupa za damu. Kilikuwa na kasoro ya kukata majina marefu. Sasa fikiria kasoro hiyo katika nchi ya watu waitwao Nyiransabimana na Nyiransengimana. Pale maabara ya Busanza, mama hao wawili, ambao ni majirani, walikuwa wakitoka kwenye mashine wote wakiitwa “Nyirans”, na damu ya mmoja ikidhaniwa ya mwenzake.

Shimwa alikitengeneza. Alikitengeneza vizuri, akakipa toleo la 4.2, akakiweka katika ghala la kampuni, yaani ile kompyuta inayotunza vifurushi vya programu, ambako mashine za vituo huja kujichukulia kilicho kipya. Pale ofisini alichapa hata jina la babu yake lenye herufi kumi na tisa, likatoka lote. Jumatatu akatangaza kwamba kazi imekwisha.

Jumanne, Xavérine wa maabara ya Busanza akapiga simu. Majina yanakatika. Shimwa akaiamuru mashine ya Busanza ijisasishe, akatangaza tena. Jumatano asubuhi Xavérine akapiga tena, na safari hii hakumtaka Shimwa. Alimtaka mkurugenzi.

“Mimi niko naandika na kalamu ya bic, Bwana Gatera,” alisema, simu ikiwa wazi ofisi nzima ikisikia. “Chupa sitini, naongeza mikia ya majina na mukono. Huyo mukobwa wenu anasema imepona. Imepona wapi?”

Gatera hakuwa mtu mbaya. Alikulia Kampala, akajifunza huko kuendesha mambo mbio, na subira yake haikutosha hata foleni ya magari ya njia panda ya Sonatubes. Alikata simu, akamtazama Shimwa.

“Mara mbili umeniambia imepona. Mimi kosa naweza kuvumilia. Mtu wa kusema iko sawa na haiko sawa, huyo hapana. Saa kumi tunaongea.”

Kila mtu alijua maana ya kuongea saa kumi. Shimwa alirudi mezani pake. Alikuwa amesema kweli na kweli yenyewe ilikuwa imemgeuka, na hakuna uchungu unaozidi huo. Alifungua faili la chapalebo kwa mara ya mia, akalipitia mstari kwa mstari, akitafuta dhambi ambayo hakuitenda.

Hapo ndipo Mzee Eustache alipovuta kiti.

Eustache ndiye aliyekuwa mkongwe wa ofisi ile. Alizaliwa na kukulia Burundi, na kabla kompyuta hazijamteka alikuwa karani wa kumbukumbu katika ofisi moja ya kanisa huko Ngozi, ambako hakuna karatasi iliyolala usiku bila namba na mwaka. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha yeye na Shimwa. Kiingereza kilimpiga chenga mzee, Kifaransa kilimpiga chenga binti, na Kinyarwanda cha Shimwa, aliyekulia Bukoba, bado kilikuwa kinachechemea.

Mzee alikuwa na mwiko mmoja ambao vijana wa ofisi waliucheka mpaka walipouelewa: hakugusa kibodi ya mtu. Alikaa nyuma yako, mikono mapajani, akasema, nawe ukaandika. Kazi iliyoharibikia mikononi mwako, alisema, iponee mikononi mwako.

“Uliambia mashine ijisasishe,” alisema. “Ilijibu nini?”

“Ilisema hakuna la kufanya, mzee.”

“Na weye ukafurahi.”

Kweli Shimwa alikuwa amefurahi. Alidhani mashine imekwisha kulichukua toleo jipya yenyewe usiku, haidai kitu.

“Mukobwa wanjye, binti yangu, mashine ikikwambia hakuna la kufanya, iulize kwa nini. Mtu mwenye njaa umwekee chakula aseme ameshiba, si lazima ujue amekula kwa nani? Ingia Busanza. Lakini usiweke kitu, usifute kitu. Tuko tunauliza tu.”

Shimwa aliingia kwenye kompyuta ya Busanza kutoka palepale mezani. Kioo kikawa cheusi, na maandishi meupe yakingoja kuamriwa. Wenzake wa rika lake hawakupenda kioo hicho. Walipenda vitufe na picha. Eustache alikipenda kama fundi saa anavyoipenda bisibisi yake ndogo. Amri aliyoipenda kuliko zote iliitwa repoquery. Haisakinishi, haiondoi, haivunji. Huenda kwenye maghala, ikabisha, ikauliza, ikarudi na jibu. Kuuliza si ujinga, na amri hiyo iliundwa na mtu aliyeyaamini maneno hayo.

“Kwanza, hii mashine inajua maghala ngapi?”

Shimwa aliandika akiwa na hakika ya jibu. Ghala ni moja. Kompyuta za ofisini zote zilijua moja.

Mistari miwili ikatokea.

“Mawili,” alisema polepole. “Kuna hili jipya, na kuna jingine linaitwa la zamani. Sikujua kama lipo.”

“Liko. Mashine za vituo vya mwanzo ziliwekewa hilo. Sasa uliza: chapalebo ziko ngapi katika maghala yote mawili? Sema ikuonyeshe zote. Ukiiacha itakuonyesha toleo kubwa tu.”

Shimwa aliandika. Kioo kilijibu kwa mistari miwili tena. Chapalebo 4.2, ghala jipya. Chapalebo 2019, ghala la zamani.

Aliitazama namba hiyo, akaitazama tena, kisha akacheka kicheko kikavu, cha mtu aliyeona ufunguo alioutafuta siku tatu umening'inia shingoni mwake. Mtu fulani, zamani, alikipa kifurushi namba ya mwaka. Lakini kompyuta haijui kwamba 2019 ni mwaka. Inajua kubwa na ndogo. Elfu mbili na kumi na tisa ni kubwa kuliko nne nukta mbili, na itaendelea kuwa kubwa hata toleo likifika mia tano. Mashine ya Busanza ilikuwa imeshika kifurushi kizee ikiamini ndicho kijana kuliko vyote. Kila Shimwa alipoiletea kipya, ilikipima, ikakiona kidogo, ikasema hakuna la kufanya.

“Mzee, si mimi!” Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. “Kazi yangu ilikuwa nzima. Haikuwahi kufika!”

“Haikufika,” Eustache alikubali. Naye alikuwa anatabasamu, kama mwalimu wa hesabu mbele ya jibu lililotoka. Wala hakukuwa na haja ya kufungua faili hata moja. Maswali mawili, na siku tatu za mateso zikawa mistari minne ya maandishi. Shimwa alimwona mzee huyu siku ile kama ndiyo kwanza anamwona.

Gatera alisikia kelele akatoka ofisini kwake. Saa ya ukutani ilikuwa tisa na nusu.

“Mumeipata?”

“Tumeipata, Bwana Gatera,” alisema Eustache. “Iko swali moja limebaki. Shimwa, uliza habari za hicho cha 2019. Nani alikitengeneza, na lini.”

Kila kifurushi kilichofungwa kwa adabu hubeba cheti chake cha kuzaliwa: kimetengenezwa wapi, tarehe gani, na mkono wa nani. Shimwa aliandika. Cheti kikatokea, mistari kumi hivi. Macho yake yalishuka mpaka kwenye mstari wa mtengenezaji, yakakwama.

Lilikuwa jina la Eustache.

Vidole vya Shimwa vilisogea vyenyewe kuelekea kitufe cha kufunga dirisha. Angesema nini? Kwamba mtu pekee aliyevuta kiti kumsaidia ndiye aliyemchimbia shimo? Gatera alikuwa amesimama hatua tatu, haoni maandishi. Angeweza kusema mtengenezaji hakuandikwa. Sababu imekwisha kupatikana, mkataba wake pengine umepona; jina la mzee wa watu lina faida gani?

“Usifunge,” alisema Eustache nyuma yake, kwa upole. “Soma.”

“Mzee...”

“Soma kwa sauti, Bwana Gatera asikie.”

Shimwa alisoma jina zima, la ubatizo na la ukoo, na tarehe: tatu Juni 2019. Viti vikageuka ofisi nzima.

“Ni mimi,” alisema Eustache. Hakuinamisha kichwa wala hakukiinua. “Nilikuwa nimetoka kwenye makaratasi. Kwetu kila kitu kilipata namba ya mwaka, nami nikaona hata programu ipate ya kwake. Kisha tukaleta namba ndogondogo, na mimi sikurudi nyuma kuangalia. Miaka yote hii kifurushi changu kiko kinawafukuza wenzake mlangoni. Huyu mtoto alifanya kazi safi.”

Gatera alijikuna kidevu. Alimheshimu Eustache, na ilimwia vigumu kumlaumu.

“Sasa, muzee, hakuna haja. Kwa ripoti ya Busanza tutaandika ni kosa ya mfumo.”

“Mfumo hauna jina,” alisema Eustache. “Mimi niko nalo. Asubuhi mulisema jina la Shimwa mbele ya watu wote. La kwangu nalo lisemwe.”

Gatera alimgeukia Shimwa, na kwa mtu wa mbio kama yeye maneno yalitoka taratibu. “Nilikukosea. Pole.” Kisha akaongeza, kama anayekimbia aibu, “Tengenezeni basi.”

Ilichukua dakika nne. Kwa ruhusa ya Eustache, mshika maghala, Shimwa alikiondoa kizee katika ghala la zamani na katika mashine, akakiweka kipya, akauliza tena kwa repoquery ahakikishe hakuna ndugu yake aliyebaki amejificha, kisha akampigia Xavérine. Walisikia mashine ya lebo ikikoroma kwenye simu, halafu kimya, halafu sauti yake ikisoma silabi kwa silabi: Nyi-ra-nsa-bi-ma-na. Ma-rie. Go-re-tti. “Yote imeingia!” alipiga kelele. “Mukobwa, Imana iguhe umugisha, Mungu akubariki!”

Saa kumi kamili Gatera alileta mkataba mezani kwa Shimwa, badala ya kumwita, akautia saini akiwa amesimama. Alipokuwa anafunika kalamu akamtazama Eustache.

“Na haya maghala? Bado iko vituo kumi na kitu na ghala la zamani. Tutafute mtu wa kuyashika yote, au uendelee wewe?”

“Mtu mumeshampata,” alisema mzee, akiinuka na kurudisha kiti mahali pake. “Alitaka kunificha, niliona vidole. Lakini alisoma. Atakayeyashika maghala lazima aweze kusoma jina la mukubwa wake kwa sauti.”

Kisha, kwa mara ya kwanza tangu Shimwa amjue, Eustache aliinama juu ya kibodi ya mtu mwingine. Alimwandikia neno kuu la siri, la kuyatunza maghala yote, herufi moja moja, kwa kidole kimoja, naye Shimwa akageuza uso dirishani ili mzee asione kwamba analia.