Harusi Iliyowekwa Karantini

Kila asubuhi laptop ilipowashwa, kidirisha chekundu kilichomoza pembeni: tishio limepatikana, faili limewekwa karantini. Nuria alikifunga, akaenda kukaanga mihogo, au asikaange. Tangu Shomari afariki kwenye ajali pale Mlandizi, mambo yote yalimpitia hivyo hivyo. Alikula alipoambiwa kula. Machozi hayakumtoka hata tone, na majirani wa Visiga walishaanza kulisema hilo wakiwa bado kibarazani kwake, na sahani zake mikononi.

Faili lenyewe lilikuwa video ya harusi yao. Antivirus aliiweka Evodius, fundi wa kompyuta wa ofisini kwake, siku aliyokuja kumhani. Maskini hakujua la kusema, basi akaomba laptop, akaisafisha, akaaga.

Jumapili ile kidirisha kilikuja na sentensi mpya: kilichomo karantini kitafutwa leo.

"Ndiyo ile ya harusi?" aliuliza Bi Mwanamkuu, mama mkwe wake, aliyetoka Kisarawe kuja kukaa naye wakati wa eda. "Mimi nataka sauti yake tu, mwanangu. Sura ninayo kichwani."

Kusema kweli, hakuna aliyewahi kuiangalia. Mume na mke walikuwa wakiahirisha: tutaiangalia sikukuu, tutaiangalia umeme ukirudi. Miaka miwili ikayoyoma.

Ofisini sheria ilikuwa moja: ukiona chekundu, futa, usibishane. Juliana wa masjala alibishana mara moja, akafungua, na nyaraka za korido nzima zikageuka herufi zisizosomeka. Mpaka leo akikaribia meza ya mtu, mtu hufunika laptop yake. Na humu, kwenye laptop ya Nuria, ndimo zilimokuwa picha zote za Shomari zilizosalia, maana simu yake ilipondeka pamoja naye. Nuria akifuta, sauti imekwenda. Akifungua na tishio likawa la kweli, picha nazo zimekwenda. Flash ya kuzihamishia ilikuwa kwenye droo ya ofisi, na ofisi imefungwa.

Aliyapima hayo kama mtu anayechagua vitunguu sokoni, bila kusikia lolote moyoni. Kisha akampigia Mudathir, mpiga video wa Kisarawe.

"Pole sana, shemeji. Hiyo antivirus inazingua tu. Izime, fungua, kula raha." Maneno yake mwenyewe yakamrudia Mudathir. "Samahani. Namaanisha fungua tu."

"Una nakala?"

"Za zamani nafuta, shemeji. Diski zinajaa."

Hata Juliana aliambiwa inazingua. Nuria akakata simu, akapeleka mshale kwenye neno "futa" na kuuacha hapo. Hakuogopa. Hilo ndilo lililomshtua kidogo, kwamba angeweza kubonyeza kisha akaenda kuosha vyombo.

"Harusi ya Zuwena si alichukua huyo huyo Mudathir?" akasema Bi Mwanamkuu. "Hebu muulize wifi yako, yake inafunguka?"

Zuwena alicheka kabla swali halijaisha. "Wifi, na yangu nyekundu hivyo hivyo. Na ya Siwema. Na ya Mwamini. Sisi wote tulioolewa mbele ya kamera ya Mudathir tuna virusi. Anaweka kufuli lake humo ndani ili watu wasinakili, basi antivirus zinalichukia. Mimi yangu naifungua kila nikigombana na mume wangu, na laptop haijawahi hata kukohoa."

"Nisomee jina la hilo tishio lako."

Zuwena akasoma herufi moja moja. Lilikuwa lile lile, mpaka tarakimu ya mwisho.

Nuria akabonyeza "rudisha", kisha "fungua".

Yakaja maua, ikaja kaswida, likaja jamvi la msikiti. Saa ile yeye na Bi Mwanamkuu walikuwa nyumbani, chumba cha ndani, pamoja na wanawake wenzao, wakingoja kuambiwa ndoa imepita wapige vigelegele. Shomari alikuwa amekaa mbele ya shehe, kanzu imempwaya. Shehe akamuozesha. Shomari akajibu, lakini kilichoonekana ni midomo tu.

"Sauti, bwana harusi. Mashahidi hawajasikia."

Wanaume wakacheka. Shomari akakohoa, akainua kichwa.

"Nimekubali kumuoa Nuria binti Kitwana, kwa mahari tuliyopatana."

Bi Mwanamkuu alijifunika uso kwa upindo wa khanga, akalia taratibu. Nuria akamkodolea macho mwanamume yule. Miaka miwili alilala ubavuni mwake, na hakuwahi kumsikia akilisema hilo. Akasogeza sikio karibu na spika.

"Umemsikia, mwanangu?"

"Sijasikia, mama," alisema Nuria, akairudisha nyuma.