Kiuno cha Suruali

Suruali ya kwanza kuipanua ilikuwa ya kijivu, na fundi aliipanua huku anaimba. Alikuwa na kibanda chake cha kushona mbele ya nyumba, na mteja wake wa bure, mumewe, mpaka rangi wa majumba, alikuwa ameanza kuota kitambi. Majirani wakatania kwamba siku hizi bwana analishwa akashiba. Fundi kichwa kikamvimba. Na kwa nini kisivimbe? Miaka nenda miaka rudi mtu huyo alikuwa akirudi chakari, kashikwa huku na huku, na sasa anapiga zake chache Jumamosi, basi.

Dawa ya kumpunguzia pombe aliigundua mwenyewe: soda. Alijaza friji ya kibandani mpaka mlango ukagoma kufunga, ili hamu ya bia ikija ikute nafasi imeshachukuliwa. Bwana akirudi kazini bila kupitia baa, soda. Mtoto wao wa pekee, Bonge, kijana mzima aliyeajiriwa kwenye stoo ya mbao, naye akirudi moja kwa moja, soda, na nyingine ya kumsindikiza kitandani. Kreti ziliingia na kreti zilitoka. Kila chupa tupu fundi aliihesabu ushindi.

Akapanua ya bluu, akapanua na nyeusi. Ila mashati ya bwana huyohuyo akawa anayapunguza mabega, maana yalimpwaya. Jamani! Mtu anajaa tumbo, anakauka mabega, na anayempima ni mkewe kwa mikono yake mwenyewe. Aliona. Akajisemea kazi ya ngazi inakondesha, akaendelea kukanyaga cherehani.

Mpaka macho ya bwana yakawa manjano na miguu ikavimba, ndipo wakaenda hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, aliwaeleza taratibu kwamba kile hakikuwa kitambi, ni maji. Ini limejaa makovu. Pombe imelipiga upande wake, na sukari na mafuta yamelipiga upande mwingine, na kwa ini la namna hiyo hata zile chache za Jumamosi zilikuwa nyingi. Maji yatatolewa, yatarudi. Bwana aliiacha pombe siku hiyohiyo, lakini ini lilikuwa limeshachoka. Kilichobaki ni ndugu mzima wa afya amkatie kipande cha ini lake, ambalo kwa mwenye afya huota tena.

Damu ya fundi haikupatana na ya mumewe. Akabaki Bonge, na Bonge hakungoja kuombwa.

"Nikateni mimi," alisema, tena anacheka.

Fundi alilia kwa kushukuru. Mtoto ambaye hajawahi kuonja pombe hata ya kulamba! Alimlea hivyo makusudi, na sasa malezi yamelipa.

Majibu ya vipimo yalipotoka, daktari aliwaita mama na mwana, akafunga mlango. Alisema ini la kijana limejaa mafuta, hawezi kulikata. Baba na mwana wangeweza kufa wote wawili.

Fundi alikuja juu. "Huyu hanywi, daktari!"

"Najua hanywi pombe, mama. Anakunywa nini?"

Bonge ndiye aliyejibu, kwa sauti ya chini, huku anatazama viatu vyake: soda. Daktari akasema mafuta yale yanaweza kupungua. Aache vinywaji vya sukari, apunguze mwili, arudi kupimwa baada ya miezi kadhaa. Fundi akauliza kama baba yake anayo hiyo miezi. Daktari akasema hajui.

Nyumbani fundi alimwaga soda zote mtaroni, chupa baada ya chupa, mpaka mikono ikanata sukari. Bonge alimweleza baba yake yote, akavaa raba, akaanza kukimbia kuizunguka nyumba, anahema vibaya. Fundi akakaa kwenye cherehani. Mbele yake ilikuwapo suruali ya Bonge, iliyoletwa wiki iliyopita ipanuliwe. Alikuwa amemfungia mumewe mlango mmoja, akamfungulia wa pili, na mtoto akampitisha humohumo. Akaigeuza ile suruali, akaanza kuipunguza kiuno.

Mumewe alikuwa amelala chumba cha pili, mlango wazi, tumbo limeinua shuka.

"Fundi," aliita. "Hiyo yangu? Unaipunguza?"

Sauti yake ilikuwa na tumaini, na tumaini hilo lilimuumiza fundi kuliko kitu chochote cha siku ile. Angeweza kumdanganya. Alikuwa amejidanganya mwenyewe kwa muda mrefu, kazi hiyo aliijua.

"Ya mtoto," akasema.

Nje, nyayo nzito za Bonge zilipita dirishani, zikaenda, zikarudi.

"Ibane zaidi," bwana akasema.