Jina la Dada Kwenye Kitabu cha Safari

"Nani alikutuma uandike jina langu?"

"Nilikuwa nakusaidia, dada."

"Kunisaidia! Shule ile sijaikanyaga hata siku moja!"

Dada yangu ni mkaguzi wa shule. Mimi shule niliikimbia mapema, nikaishia kuwa dereva wa gari lao. Wakaguzi kumi na mmoja, wanawake wawili, na hao wawili gari wanalionea dirishani. Wanaume wanakwenda shuleni, wao wanabaki kuchapa ripoti. Ukiuliza, bosi anasema barabara mbaya, kina mama wataumia mgongo. Mgongo! Yeye mwenyewe akishuka anashika kiuno kama mjamzito.

Sasa ikatoka nafasi ya naibu mkaguzi mkuu. Sharti, uwe umekagua shule ishirini. Dada alikuwa nazo kumi na tisa, kazipigania miaka sita. Wiki iliyopita nilimpeleka bosi shule moja ya mbali. Tuliporudi akanipa kitabu cha safari, kile cha kuandika nani kapanda gari.

"Muandike dadako peke yake. Wakubwa wanataka kuona wanawake safarini. Naye atimize ishirini."

Nikaona bahati imetuangukia. Nikaandika.

Kumbe ripoti ya bosi imesema wasichana wa shule ile wana vyoo vinane. Wazazi wakaandika barua: kipo kimoja, hakina mlango. Wakubwa wakafungua kitabu, wakakuta jina la dada.

"Asubuhi wamenitoa kwenye usaili," dada akasema. "Na bosi wako anatembea ofisi nzima: mnaona, ukimpa mwanamke kazi!"

"Mjinga yule hata garini hakushuka! Alikuwa anatafuna karanga!"

"Wewe ulishuka?"

"Nilishuka."

"Choo ulikiona?"

Nikaanza kupangusa kioo cha gari.

"Si nakuuliza, mdogo wangu?"

"Nilikiona. Lakini dada, mimi sikusoma, ningesema nini?"

"Usinijie na kutosoma. Kuhesabu choo kimoja kunataka cheti?"

"Basi nitalifuta jina lako."

"Futa na macho ya watu."

Nikafungua mlango wa gari. "Panda. Nikupeleke sasa hivi, ukahesabu mwenyewe."

Akakitazama kiti, vumbi na maganda ya karanga.

"Nikipanda leo, kesho watasema na siku ile nilikuwemo. Shika kalamu. Andika safari ya leo: hakuna aliyepanda."

Akavua viatu vya ofisini, akavishika mkononi, akanigeuzia mgongo, akaifuata barabara ya kwenda shuleni kwa miguu.